Pumzi Iliyowekwa kwa Dubow

Garissa, 9 Oktoba 1966

Aboowe Kerrow,

Assalamu aleikum, kaka yangu. Kabla moyo haujakuruka: Dubow yu hai. Unajua kwetu mauti hayaandikwi. Habari ya kifo hubebwa na mtu, akaja, akakaa chini na wewe, akakushika goti, ndipo akafungua mdomo. Basi ukiona karatasi yangu, jua kuna mtu bado anapumua.

Lori alilopanda kupeleka sukari Hadado lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Dereva na utingo walikwenda pale pale, Mungu awarehemu. Mdogo wetu alirushwa kwenye miiba, na boriti ya lori ikamlalia mguu wa kushoto mpaka jioni askari walipopita. Sasa yuko wadini hapa. Kando ya kitanda chake ameketi askari mwenye bunduki anayemuuliza kila siku swali moja: bomu ulilikanyaga au ulilifukia? Dubow anamjibu, "Bwana, ningekuwa nimelifukia mimi, ningekuwa na miguu miwili."

Anatania, lakini vidole vyake vimekuwa vyeusi. Daktari anasema mishipa imepondeka, damu haifiki chini, na nyama isiyofikiwa na damu huoza. Anataka kuukata mguu chini ya goti. Dubow, aliyetoka Diff mpaka Elwak kwa miguu nyuma ya ngamia, akisikia hivyo hugeukia ukutani na kuishika fimbo yake chini ya shuka kana kwamba daktari amekuja kuiiba.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa lugha yetu ya Kisomali haina maandishi, na yule bwana wa serikali anayefungua barua zetu asipoelewa ataikalia. Kusoma nilifundishwa na mke wa koplo, Mpokomo mmoja, kwa malipo ya chai ya maziwa ya ngamia hapa mkahawani kwangu. Makosa yangu mdai yeye.

Miaka yote unatuambia huko bandarini wewe ni mtu mkubwa. Leo tumekuja mlangoni kwa mtu mkubwa. Fungua.

Dada yako,
Raho


Mombasa, 17 Oktoba 1966

Abaayo Raho, na wewe pia bwana unayefungua barua hii (aleikum salaam, na safari hii bandika gundi vizuri, ya mwisho ilifika mdomo wazi kama fisi),

Nimelia kwanza, nikanawa uso, ndipo nikakumbuka mimi ni nani. Mimi ni Kerrow! Nimechochea makaa ya meli kutoka Aden mpaka Kadifu. Nimewafundisha Wagiriki kutukana kwa lugha yao wenyewe. Na sasa, abaayo, sikiliza vizuri, mimi ni mtu wa pipa.

Pipa gani? Kaa nikueleze. Kampuni yetu huinua meli zilizozama, na wazamiaji wetu hushuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo maji yanakukandamiza kila upande. Huko chini hewa wanayovuta inazama ndani ya damu yao. Mzamiaji akipanda polepole, hewa hiyo hutoka kwa adabu. Akipanda mbio, damu inafanya kama chupa ya soda iliyong'olewa kifuniko: povu tupu. Povu likikwama kwenye viungo, mtu mzima mwenye ndevu anajikunja chini akimwita mama yake. Nimeona.

Ndipo anapoletwa kwangu. Pipa ni chuma, refu kama lori, lina mlango mzito na kidirisha cha kioo kinene kama mkate. Tunamweka ndani, tunafunga, mashine inashindilia hewa mpaka humo ndani mnakuwa kama chini ya bahari, ila yeye amekaa kwenye benchi, mkavu. Kifuniko cha soda kimerudi, umeelewa? Povu linasinyaa. Kisha tunamteremshia mkandamizo kidogo kidogo mpaka hewa itoke bila ghasia. Anatoka akidai sigara. Masikio huziba kwanza, lakini ukimeza mate yanafunguka kwa mlio.

Sasa njoo kwa Dubow. Kuna daktari Mholanzi huja kuwapima wazamiaji. Nimemuuliza habari ya mguu, na yeye akanieleza jambo ambalo hata kadhi halijui. Damu ina wapagazi wake wekundu, kila mmoja amebeba hewa mgongoni. Pale bomba lilipopondeka, wapagazi hawapiti, kama ngamia wenye mizigo kwenye kichochoro cha miiba. Lakini ukimfungia mgonjwa ndani ya pipa, ukashindilia, ukamvisha barakoa avute oksijeni tupu, hewa ile inayeyuka ndani ya maji ya damu yenyewe, kama sukari kwenye chai. Na maji, abaayo, hupita mahali ngamia hapiti! Yanafika kwenye nyama iliyokuwa inakufa kwa kiu ya hewa. Tena kuna vijidudu vya kuoza vinavyoishi gizani, visivyopatana na hewa kabisa. Vikiionja vinalegea, na sumu yao inakatika. Kwao Uholanzi wanawaingiza watu wenye madonda ndugu ya kutisha na wanatoka na miguu yao. Wallahi kasema.

Basi amri zangu ni hizi. Mtu yeyote asishike msumeno karibu na mguu huo. Mwambie daktari wenu asubiri, kaka yake mgonjwa ana pipa Mombasa, na mimi mwenyewe ndiye ninayeshika vali ya kupimia hewa. Pili, najua shangazi wote wamekuja na samli. Usiwaruhusu. Wala samli, wala mafuta ya nundu, si kwenye kidonda, si kwenye nywele. Oksijeni iliyoshindiliwa ikikutana na mafuta ni moto, hata kiberiti hakihitajiki. Ataingia mkavu kama kuni.

Mwambie Dubow: nilikubeba mgongoni kuvuka Tana ukiwa unanikojolea. Sitakuacha ukae na mguu mmoja wakati nina chombo kama hiki.

Kaka yenu, mtu wa pipa,
Kerrow


Garissa, 26 Oktoba 1966

Aboowe,

Barua yako niliisoma wadini kwa sauti, na nikaisoma tena, kwa sababu wagonjwa wa mwisho wa chumba walilalamika hawakusikia sehemu ya Wagiriki. Hata yule askari alisogeza kiti. Akauliza, "Hilo pipa ni la serikali?" Dubow akamjibu, "La kaka yangu."

Daktari alikuwa amepanga kukata kesho Alhamisi. Amekuja asubuhi na karatasi ya kuweka dole gumba, Dubow akaificha mikono yake kwapani. "Nasubiri pipa," akasema. Daktari akanitazama mimi. Nikamweleza habari ya sukari kwenye chai, nikaeleza vizuri, nadhani. Akasema amewahi kusoma habari za vyombo hivyo, lakini Mombasa ni mbali na mguu uko hapa. Kisha akaondoka na karatasi yake.

Shangazi Fatumo tumegombana kwa ajili yako. Alikuja na kibuyu cha samli ya kumpaka, nikasimama mlangoni. "Tangu lini mgonjwa akanyimwa samli?" Nikamwambia, tangu Kerrow awe daktari. Akasema, "Kerrow? Kerrow alipoondoka hapa alikuwa hajui kufungua kopo la maziwa." Dubow alicheka mpaka kitanda kikalia, na ni kicheko cha kwanza tangu aletwe. Hata kama pipa lako ni uongo, aboowe, kwa kicheko kile nimeshakusamehe.

Anataka nikuulize maswali yake, niyaandike kama alivyoyasema. Moja: humo ndani mtu anaweza kusali? Mbili: ukilala usingizi wewe wa kushika vali, yeye atakuwaje? Tatu, na hili amelisema kwa uzito: je, anaweza kuingia na fimbo yake? Anasema hajawahi kwenda mahali bila fimbo, na hataki kuanza na chini ya bahari.

Nimeenda ofisini kuomba kibali cha kumtoa wilayani. Wamesema watatazama.

Nijibu upesi. Mguu una harufu.

Raho


Mombasa, 4 Novemba 1966

Abaayo,

Safari hii sina salamu ndefu, hata bwana wa gundi anisamehe.

Nilimfuata Mholanzi na barua yako nikitamba kama bwana harusi. Nikamwambia mdogo wangu amekataa kisu, anasubiri pipa. Alinishika bega, akauliza: "Nani kakwambia pipa linafufua wafu?" Nyama iliyokufa imekufa, anasema, hata uipeleke peponi ikavute hewa ya huko. Kisu kwanza, na sindano za penisilini. Pipa ni msaidizi, linakilinda kile kilichobaki hai. Hao watu wa Uholanzi nao walikatwa na kusafishwa kabla ya kuingizwa. Hiyo sehemu alikuwa ameisema tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukuandikia kichwani mwangu.

Akate, abaayo. Mwambie daktari akate leo hii, barua hii ikiwa bado mkononi mwako. Mwambie Dubow ni amri ya kaka yake. Nimewaona mabaharia wa mguu mmoja huko Marsei wanacheza dansi na wanawake wawili wawili! Nitamletea mguu wa mbao wa mvule, ngamia watamwonea wivu. Kikibaki kidonda kikaidi, hapo ndipo tutamleta kwenye pipa. Bosi nimemwomba, amenitukana, nimemwomba tena, amekubali siku za Ijumaa wazamiaji wakiwa wamepumzika.

Nasikia Tana imefurika na barabara imekatika. Nimempa karani wa posta sigara zangu zote ili mfuko wa Garissa uwe wa kwanza.

Akate.

Kerrow


Garissa, 16 Novemba 1966
(haikupelekwa posta)

Kerrow wa mama yangu,

Naandika hii ili mkono wangu upumue, kisha nitaificha mahali yule bwana wa barua hafiki.

Dubow amefariki. Ijumaa asubuhi. Barua yako ya kusema akate ilifika jana Jumanne, imelowa, wino umetambaa, lakini neno hilo moja lilisomeka vizuri.

Siku mbili kabla, mguu ulivimba mpaka juu ya goti. Nilipoubonyeza kidogo kumfunika shuka, ngozi ilitoa mlio chini ya vidole vyangu, kama chumvi ya mawe inapokanyagwa. Nikakumbuka vile vijidudu vyako vya gizani. Nilimwita daktari, akabonyeza naye. Dubow akamtazama usoni na kusema mwenyewe, "Lete karatasi." Walimkata Alhamisi, juu sana. Daktari alifanya kazi yake yote, jasho linamtoka. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mwanzo vilikuwa vidole tu," na akaenda kunawa.

Alizinduka kidogo. Akauliza, "Kerrow amejibu habari ya fimbo?" Nikamwambia barabara imekatika, majibu yako njiani. Akasema, "Atakubali. Yule hawezi kunikatalia kitu." Yule askari wake wa maswali ndiye aliyetusaidia kumbeba mpaka makaburini, na bunduki aliiacha kwa mwenzake.

Sasa niambie, haya nayaandikaje yakufikie? Upo peke yako kwenye chumba cha bandari. Ukiisoma kwenye karatasi nani atakushika goti? Na kuna lingine, zito kuliko kifo chenyewe: ukijua alisubiri kwa sababu ya barua yako, utakaa ndani ya pipa lako maisha yote na hakuna atakayekuteremshia mkandamizo. Hukumuua wewe. Ulimpenda kwa mdomo wako mkubwa, na mimi nikausoma kwa sauti, na kurudia.

Billow, yule dereva wa lori la ngozi, ameomba kibali cha kuteremka Mombasa. Nitampa maneno ya kifo, ayabebe. Haya mengine hayabebwi na mtu.

Raho


Garissa, 21 Novemba 1966

Aboowe Kerrow,

Salamu. Barua yako imefika, ilichelewa kwa maji. Usijisumbue tena kumwomba bosi wako. Dubow ametulia, hana maumivu. Hatuna haraka ya kibali.

Mvua huku ni nyingi, majani yamefika magotini na maziwa ni tele. Kafyu inaanza mapema, kwa hiyo mkahawa nafunga jua likiwa bado juu.

Billow wa lori la ngozi atakuja huko akipewa njia. Ana maneno yangu ambayo hayakai kwenye karatasi. Mpokee vizuri.

Raho


Mombasa, 2 Desemba 1966

Abaayo Raho, na bwana wa gundi, rafiki yangu wa siku nyingi,

Karatasi imefika, kwa hiyo yu hai! Si mwenyewe ulisema? Niliibusu mbele ya makuli, wakadhani nimepata mchumba.

Hana maumivu! Hiyo ni dalili kubwa. Lakini mbona husemi kama walikata? Nakujua, unanificha ili nisilie. Walikata. Sawa. Nimeshalia mguu huo mapema, nimemaliza. Sasa tutunze kilichobaki. Eti hatuna haraka ya kibali? Wewe huna, mimi ninayo. Nimekwenda ofisini nikavua kofia, nikawaambia mimi ni Msomali, ndiyo, na mdogo wangu ni Msomali, na mguu wake uliopondeka haukuwa na siasa. Wakacheka. Wakicheka wanapiga muhuri, subiri uone.

Jumapili niliingia ndani ya pipa mwenyewe. Rafiki yangu alishika vali, mimi nikakaa kwenye benchi upande atakaokaa Dubow, nikavaa barakoa. Nilitaka kujua atakachokisikia. Kwanza joto, masikio yanagonga, kisha kimya ambacho sijapata kukiona katika bahari zote nilizopita. Oksijeni haina ladha. Nilidhani itakuwa tamu. Nikazungumza ili nijaribu sauti, na hewa nzito ile ikaifanya iwe nyembamba kama ya mwanamke anayemwita mbuzi! Dubow atanicheka mpaka afe. Nikakumbuka lile swali lake: ndiyo, kusali anaweza, kwa kukaa, kibla nimeshakipima.

Nje ya mlango nimeandika jina lake kwa chaki, ili mtu asichukue Ijumaa zake. Mholanzi ameahirisha safari wiki moja kwa ajili yetu. Mitungi ya oksijeni imekuja, nimeipanga ukutani kama majeshi.

Kwa hiyo mpe chakula, mpe maziwa, mkaushe mafuta, umlete.

Kerrow


Garissa, 13 Desemba 1966

Aboowe,

Billow ameondoka leo. Mwezi ukionekana, kesho tunafunga, Ramadhani njema. Akifika, usimpokee peke yako. Kaa na watu. Tafadhali, kwa mara moja katika maisha yako usiongee wewe kwanza.

Raho


Mombasa, 24 Desemba 1966

Raho,

Alikuja mchana, nilikuwa nafuta kidirisha. Nikamwambia, "Waryaa Billow! Mgonjwa wangu uko naye kwenye lori?" Akakaa chini sakafuni na nguo zake za safari. Nikamwambia, "Ondoka hapo, kaa kwenye kiti, Mombasa viti si haba." Hakuondoka. Akanivuta nikakaa naye, akanishika goti.

Sikungoja aseme. Goti langu lilijua.

Nilipiga kelele ambazo hata meli hazipigi. Wazamiaji walitoka majini. Mholanzi alikuja, akasimama na kofia yake, hakusema kitu cha kidaktari. Makuli wamekaa nami mpaka leo kwa zamu, Waluo, Wamijikenda, mmoja Mgiriki. Nimewaambia Dubow alikuwa mtu wa kuchekesha kuliko mimi. Hawakuamini. Hawakumjua.

Kumbe barua yangu ya kumwita hapa iliandikwa kwa marehemu. Nilimpimia kibla mtu ambaye mlikuwa mmeshamlaza kwenye kibla chake. Sikulaumu kunificha. Ulifuata desturi, na ulifuata vizuri. Kwenye karatasi ningekufa.

Billow hajui zaidi ya kwamba sumu ilipanda na kisu kilichelewa. Nakuuliza wewe, na unijibu kama ndugu. Ile barua yangu ya Oktoba. Ile ya pipa, nilipoandika mtu asishike msumeno. Aliisikia? Ni kwa sababu hiyo alisubiri?

Siwezi kula hata magharibi ikiingia. Wenzangu wananiwekea tende, nazitazama. Nijibu tu hilo.

Kerrow


Garissa, 5 Januari 1967

Aboowe Kerrow,

Kula tende zako. Mtu anayefunga bila kufungua anajipa dini yake mwenyewe.

Nimelisoma swali lako na jibu ni fupi. Barua yako ya Oktoba haikufika. Nilikuwa sijui habari ya barua hiyo mpaka uliponitajia wewe. Labda yule bwana anayefungua alipenda hadithi ya pipa akaikalia, au Tana iliichukua. Ya kwanza kuiona kutoka kwako kuhusu mguu ni ile iliyosema akate.

Dubow alikataa kisu kwa kichwa chake mwenyewe. Unakijua kile kichwa. Hakuna mtu aliyemwambia asubiri. Ukisikia tofauti kwa mtu yeyote, mwambie dadako ndiye aliyekuwa kitandani pale, na anajua alichosoma na alichokuwa hajasoma.

Shangazi Fatumo anakusalimu. Anakuombea. Kaburi liko upande wa mtoni, tumelizungushia miiba fisi wasifike. Fimbo yake ninayo mimi, nyuma ya mlango.

Raho


Mombasa, 16 Januari 1967

Abaayo yangu Raho,

Idi imepita, nimekula. Ubwabwa wa Mgiriki, una mawe, lakini nimekula.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nimeielewa. Kama unavyosema, ya Oktoba haikufika. Ni kweli, posta ya siku hizi haina maana, na bwana wa gundi ni mvivu, Mungu amsamehe. Imekwisha.

Nami nina habari yangu ya kukupa, tuwe sawa. Ile yako ya tarehe ishirini na sita Oktoba haikunifikia mimi. Ninalo kopo la biskuti ninamotunza barua zako zote, kila moja kwa tarehe yake, na hiyo sikuipata. Kwa hiyo sijui kwamba wadi nzima ilitaka kusikia habari ya Wagiriki. Sijui kwamba alificha mikono kwapani. Sijui kwamba shangazi alitaja kopo la maziwa, wala kwamba kitanda kililia kwa kicheko. Kama ningekuwa najua, ningekuwa nimeisoma kila siku mpaka mikunjo ikachanika katikati, nikaishona kwa uzi wa tanga.

Jana waliniletea mzamiaji kijana amejikunja, bega lake halishikiki. Nilisimama kwenye vali. Nilimteremsha polepole kuliko kitabu kinavyosema, bosi akapiga kelele, nikamwacha apige. Kijana alitoka wima. Mlangoni bado pana jina kwa chaki. Makuli wanapopaka rangi chuma hicho wanazunguka hapo, na mimi sijawaambia kitu.

Kuna jambo moja lilinipita nilipokuwa naandika mbio zile za Novemba, na sasa sina wa kumjibu ila wewe. Kama barua ile ingekuwa imenifikia, na ndani yake mtu angekuwa ameniuliza swali la mwisho, ningemjibu hivi, nawe umsomee huko upande wa mtoni, kwa sauti, na urudie:

Fimbo uifute mafuta, Dubow, halafu ingia nayo.

Kaka yenu,
Kerrow